Shamba Lililorukwa na Mvua ya Mawe

Nilipostaafu mlinipa thamosi mbili, saa ya ukutani na shuka, mkaniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi. Thamosi ninazitumia. Saa ilisimama wiki ya pili. Kuandika nimekuwa nikiahirisha kwa sababu nyinyi mlitaka maneno ya kutia moyo, na mimi hayo sina. Lakini Faith, aliyechukua nafasi yangu, amenipigia simu zaidi ya mara moja akiuliza aanzie wapi, na sitaki aanze bila kujua. Anayetaka habari za kupandishwa cheo na mishahara aulize ofisini. Hizo hazimsaidii mtu aliyesimama mbele ya wakulima waliolowa mvua, wote wakimwangalia viatu.

Kwa wasionijua, mimi ni Rachel Chepkemoi, na nilikuwa afisa ugani wa kiwanda kimoja cha chai cha wakulima wadogo upande wa Bureti. Barua ya kazi ilisema nifundishe kuchuma, kupogoa na kuweka mbolea. Haikusema kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu ningeitumia kuwauliza watu wazima, "Umejuaje?" Kazi hiyo haikuwa na jina. Meneja mmoja aliiita hamasisho, mwingine akaiita kelele za Rachel, na wote wawili walinipa petroli ya pikipiki.

Siku ya kwanza nilikwenda kituoni, kibanda ambapo wakulima hupeleka majani yapimwe, na gambuti mpya ambazo hazijawahi kuona tope. Mama mmoja aliyekuwa akichagua majani mezani aliziangalia, akaniangalia mimi, akanionyesha pahali pa kukaa nisiguse kitu. Wakulima walikuwa wamefika na majani yao na wanangoja lori la kiwanda, kwa sababu karani na mizani huja nalo, na hakuna anayerudi nyumbani kabla ya kupima. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mikutano yetu haitegemei msemaji. Inategemea lori kuchelewa. Lori likija mapema huna mkutano, na likikwama kwenye tope una wasikilizaji mpaka utakapochoka wewe mwenyewe.

Wakati huo kulikuwa na mtu aliyezunguka akiuza dawa ya maji ndani ya chupa za soda. Ukiinyunyizia chai, alisema, majani yanaongezeka maradufu. Meneja alinituma nikawaambie watu waache kuinunua. Nikapanda juu ya kreti, nikatumia sauti ya darasani, nikasema dawa ile ni maji na rangi. Walinipigia makofi mazuri sana. Nilipokuwa nawasha pikipiki, watu wawili walinijia pembeni kuuliza kama mimi naweza kuwapatia ile dawa kwa bei ya chini.

Aliyeniokoa alikuwa Oduor, mwonjaji wa chai pale kiwandani. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mkavu wa maneno, na nyumbani kwake hakunywa chai kabisa. Alisema fundi wa choo naye hapeleki kazi nyumbani. Nilimsimulia aibu yangu akiwa ameinama juu ya vikombe vyake, akisharabu na kutema, akisharabu na kutema. Alipomaliza safu nzima akajifuta mdomo.

"Wewe unawaambia waamini nini," akasema. "Hiyo hata pasta anafanya, na yeye ako na kinanda. Hutamweza. Wacha wakosee wenyewe, mbele ya majirani, na wacheke."

Wiki iliyofuata alikuja na mimi kituoni na birika mbili, vikombe vitatu na visahani vya kuvifunikia. Kila mtu kule anajua kwamba chai ya mlimani ni tamu na ya bondeni ina harufu ya matope. Oduor akawaambia wajaribu bila kuona ni ipi. Mzee mmoja akaonja kikombe cha kwanza, akakisifu, akasema hiyo ni ya kwao. Alipofika cha tatu akakitema chini, akasema ndiyo hiyo ya bondeni, hata nguruwe hainywi. Cha kwanza na cha tatu vilitoka birika moja. Watu walicheka hadi karani akachungulia kutoka kwenye lori, na yule mzee alicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo chombo changu cha kwanza kilikuwa vikombe.

Cha pili kilikuwa kamba ya katani. Mtu akikwambia dawa inafanya kazi, usibishane naye. Gawa shamba lake katikati kwa kamba, upande mmoja weka dawa, upande mwingine usiweke, na majani yapimwe mbalimbali. Tulifanya hivyo kwenye mashamba manne ya watu wanaoheshimika, na baada ya msimu mmoja mwenye chupa za soda hakuonekana tena. Nilisikia amehamia upande wa Sigowet, nikamfuata huko na kamba yangu. Nilikuwa kijana. Niliona kazi imeshaanza kuisha, nikawa nawaza nitafanya nini nikimaliza.

Miaka mingi ilipita hivyo, na siwezi kusema ilikuwa mibaya. Nilizungumza vituoni, kwenye vyama vya akina mama, kwenye mapumziko ya kanisa pale mhubiri aliponiruhusu. Mambo yalibadilika sura tu. Chupa za soda zikawa unga wa kuongeza maziwa, unga ukawa mkanda wa kuponya mgongo, na mkanda ukawa ujumbe wa simu unaokuamuru uutume kwa watu kumi la sivyo ufilisike. Kila mara nilikuja na kamba na vikombe. Oduor, kabla ya kustaafu na kurudi kwao, aliniambia jambo ambalo nililichukulia kama uchungu wa uzee. Alisema watu hupenda sana kufikiri siku ambayo hawajapoteza kitu.

Sasa niwaeleze kuhusu Wesley Sigei, maana bila yeye hamtaelewa. Sigei alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo kimoja kule juu ya Kapkatet. Jina la kituo nitaliacha. Aliwahi kuwa mwalimu, akaacha ili alime, na akili yake ilikuwa na njaa. Sijapata msikilizaji kama yule. Kwenye ukuta wa kituo aliandika kwa mkaa herufi kubwa UMEJUAJE, na mvua ilipolifuta neno hilo aliliandika tena. Nikichelewa nilikuta ameshapanga vikombe. Alikuwa mwaminifu, hakuwa mlevi, na ndiye aliyewazuia watu kumfukuza fundi wa Kisii aliyesingiziwa wizi wa mabati. Aliwauliza swali moja tu, na wakakosa jibu.

Alilolipenda kuliko yote ni somo nililoliita kuhesabu kote kuwili. Huku kwetu mtu akiwa na harusi hukodisha mzee wa kufukuza mvua. Kukiwa na jua, mzee anasifiwa. Ikinyesha, wanasema bibi harusi alilamba mwiko utotoni, na mzee anabaki na sifa zake. Nilikuwa nawaambia: hesabuni siku alizofaulu, kisha hesabuni na zile alizokosa, ndipo mseme. Sigei alilishika somo hilo hata akawa analifundisha vizuri kuliko mimi.

Halafu kuna mvua ya mawe. Nyinyi mliozaliwa huku hamhitaji kuelezwa, lakini niseme kwa ajili ya wengine. Wingu hupanda mchana kutoka upande wa ziwa, kunakuwa baridi ghafla, na kwa muda mfupi mawe yanapiga mabati hadi mtu hasikii sauti yake mwenyewe. Yakikoma, chai imebaki vijiti. Wiki kadhaa huchumi kitu. Na jambo moja la mvua hii ni kwamba haianguki kote. Inapita kama mtu anayefagia ua kwa haraka: ufagio umepita hapa, pale haukufika. Unaweza kusimama kwenye njia, mkono wa kushoto kuna chai iliyochanika na mkono wa kulia kuna chai inayong'aa, haina hata tundu. Nilikuwa nawapandisha watu mlimani siku inayofuata ili waone ule mkanda mweupe ulivyokata bondeni bila kujali ua wala jina la mtu.

Jirani ya Sigei alikuwa mjane mmoja mzee, Taprandich, ambaye wote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Shamba lake lilikuwa dogo, safi, chini ya barabara. Alichuma mwenyewe, polepole, majani mawili na kichipukizi, hakuna siku majani yake yalirudishwa. Hakupenda mikutano yangu. Alikuja, akakaa nyuma, akasinzia, akasema chai yangu haina maziwa ya kutosha.

Mara ya kwanza mawe yalipopiga mlima ule, shamba la Sigei liliisha na la Kogo likapona. Watu walimtania tu. Walimwambia awaombee na wao. Mwaka wa pili yalipiga tena, na chai ya Kogo ilikuwa imepogolewa. Chai iliyopogolewa ni mashina matupu, haina majani ya kuchanika, kwa hiyo hakukuwa na cha kuharibika. Mara ya tatu yalikuja wakati mbaya, msimu wa majani mengi, watoto wakitakiwa kurudi shule. Yalipita juu ya barabara, yakaharibu kila kitu, na kwa Kogo yakagusa mistari michache ya pembeni, ambayo kutoka barabarani haionekani.

Sigei alinipigia simu mwenyewe. Alisema kituo kimeitisha mkutano kuhusu mawe, na wangependa niwepo kwa sababu watafanya mambo kwa njia niliyowafundisha. Nilifurahi. Mjue hivyo: nilifurahi, hata nikapiga pasi blauzi.

Nilipofika sikuona birika wala vikombe. Kituo kilikuwa kimejaa, wenyeji wetu, familia za Kisii zilizonunua mashamba kule, wachumaji vibarua. Kogo alikuwa amekaa peke yake kwenye mwisho wa benchi ndefu, na benchi nzima ilikuwa tupu. Ukutani, chini ya lile neno la siku zote, Sigei alikuwa amechora safu mbili kwa mkaa. Ya kwanza ilikuwa na alama tatu. Ya pili haikuwa na kitu.

"Madam, si ulituambia tusihesabu tu zile zimefaulu?" Sigei akaniuliza. "Tuhesabu na zile zimekosa?"

Nikasema ndiyo.

"Tumehesabu. Mara tatu mawe imeanguka hii mlima. Mara tatu shamba yake imeachwa. Hakuna yenye imekosa, hata moja. Tuambie kama tumekosea mahali."

Hakuwa akinikejeli. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Aliuliza kama mwanafunzi anayeleta daftari lisahihishwe, na alikuwa amechoka, macho yamemwingia ndani, kwa sababu chai yake ilikuwa imeisha mara tatu.

Nilijibu kila kitu kinachojibika. Niliwakumbusha ule mkanda mweupe tuliouona pamoja kutoka mlimani. Nilitaja mashamba mengine yaliyorukwa, la shule, la kanisa, la fundi wa Kisii. Sigei akasema hayo yalirukwa mara moja moja, na hilo lilikuwa kweli. Nikawapeleka watu wawili wakaone mistari ya pembeni iliyochanika. Wakarudi wakasema wameona, lakini ni kidogo, pengine ni ya kujificha. Nikasema mara ya pili chai yake ilikuwa imepogolewa. Sauti ya mwanamke ikauliza kutoka nyuma ni nani alimwambia akate chai mwaka ule. Nikasema ni mimi, ni ratiba ya kiwanda. Mama aliyekuwa karibu nami aliinua kikapu chake taratibu, akakisogeza mbali na mguu wangu.

Nikajaribu njia ya mwisho. Niliwaomba wote wasimame, kila mtu na shilingi yake, warushe juu. Aliyepata upande wa nambari abaki amesimama, wengine waketi. Tukafanya hivyo mara tatu. Ndivyo nilivyokusudia: kwamba watu wachache lazima wabaki wamesimama, bila uchawi, na wao wenyewe waone. Walibaki watu sita au saba. Nikauliza kama hawa nao ni wachawi. Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanawaangalia wale waliosimama, mmoja baada ya mwingine, na dada mmoja mjamzito aliyekuwa miongoni mwao akaidondosha shilingi yake kwenye tope na kuketi haraka, akijifunika tumbo kwa kanga.

"Hiyo ni shilingi, Madam," Sigei akasema kwa upole. "Lakini umesema kweli. Lazima mtu abaki. Na mwenye amebaki ni huyu."

Chifu alikuwepo. Alisema watu wadumishe amani, akaangalia simu yake, akaondoka. Kogo aliinuka na fimbo yake akasema maneno machache kwa Kikipsigis, ambayo nayatafsiri hapa kama nilivyoyasikia: "Mimi nilikuwa ndani ya nyumba. Nilikuwa naogopa ile kelele ya mabati, kama nyinyi."

Hakuna aliyempiga. Ningependa kuwaambia palikuwa na kundi la vijana walevi ambao tungeweza kuwalaumu, lakini hawakuwepo. Walichofanya ni kuacha. Waliacha kumsalimia. Akina mama waliacha kuchagua majani kwenye meza aliyotumia. Majani yalipozidi nguvu zake, wachumaji walikataa kibarua chake, na karani, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpima wa mwisho kila siku ili wengine wasinung'unike. Ng'ombe wake alipokwama wakati wa kuzaa, Kogo alikwenda nyumba tatu kuomba msaada na hakufunguliwa. Halafu Jumapili moja akiwa kanisani banda lake la jikoni likaungua. Kanisani kwenyewe alikaa peke yake, benchi nzima.

Mimi nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nilikunywa mursik, yale maziwa ya kuganda, mahali pengi, nikasikilizwa kila mahali. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wa mijini hawaielewi wanapokuja na mabango yao: hawa si watu wasiosikia. Walinikubalia kila hatua, moja baada ya nyingine. Walikubali mawe hutoka kwenye mawingu. Walikubali mkanda haujui ua. Walikubali chai iliyokatwa haichaniki. Halafu mwishoni mama mwenye nyumba alinijazia kikombe na kusema, "Lakini yeye pia aende tu, Madam, tupumzike." Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha watu, mtu mzima, na kitambulisho cha kiwanda shingoni.

Kogo alihamia Londiani kwa binti yake, Chelangat, anayelima viazi kwenye shamba la kukodi. Chai yake ikaachwa. Sasa imekuwa miti. Nyinyi mnajua chai isipochumwa inavyopanda juu, mtu asiyejua anadhani ni msitu mdogo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Sigei alikuja ofisini kuniaga. Alileta kuku. Tulizungumza habari za mbolea, watoto, magoti yake. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba tangu Kogo aondoke mawe hayajapiga mlima ule.

"Si ni kama ile kamba yako?" akaniambia. "Huu upande yuko, huu upande hayuko. Tumepima mbalimbali."

Nilimwangalia, nikaona kwamba ningeweza kuanza tena tangu mwanzo, vikombe, kamba, mlimani, na angenifuata kwa furaha mpaka mwisho, na mwisho wake ungekuwa pale pale. Nikamshukuru kwa kuku.

Faith, hapa ndipo unaponitaka niseme kosa lilikuwa wapi ili wewe usilifanye. Nimelitafuta. Nimeamka na swali hilo na kulala nalo. Kama ningekuwa nimedanganya, au nimefanya haraka, au nimewadharau, ningekwambia na ungekuwa na kitu cha kurekebisha. Sikufanya hayo. Nilifundisha lililo sahihi kwa njia iliyo sahihi, likaingia kwenye vichwa vizuri, na siku watu walipopoteza chai yao walilichukua wakalifanyia walilokuwa wanataka kufanya. Sina ushauri. Vaa gambuti za saizi moja zaidi, kwa ajili ya soksi.

Baada ya kustaafu nilikwenda Londiani kumwona Kogo. Nilimkuta amepungua, lakini mavazi safi, akimenya viazi mlangoni. Chelangat alinikaribisha vizuri, ingawa aliangalia kwanza barabarani kuona ni nani ameniona nikiingia. Majirani, alinieleza, hawajui sababu ya mama yake kuhama. Wanajua tu kwamba ni mzee na haoni vizuri. Shamba ni la kukodi, na mwenye shamba anaweza kulichukua siku yoyote, na hakuna mahali pengine pa kumpeleka mama. Kwa hiyo hawajasema, na hawatasema.

Tulikunywa chai. Kogo alisubiri binti yake atoke kuchota maji, ndipo akaweka kisu chini.

"Chepkemoi, wewe umesoma," akasema. "Mtu anaweza kuleta mawe bila kujua?"

Nikasema hapana. Nikasema kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

"Na mimi nilikuwa nasema hapana," akanijibu. "Lakini mara tatu."

Nilianza kumweleza. Mchana ulikuwa umeingia baridi na sikuona wingu lilivyopanda. Nilishtuliwa na mabati. Chelangat aliingia mbio na ndoo mkononi. Tulikaa watatu kwenye chumba kile bila kusikilizana, na Kogo alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza, sijui kama alikuwa anaomba au anahesabu. Mawe yalipokoma tulifungua mlango. Ng'ambo ya ua, viazi vya jirani vilikuwa vimelala chini vyote, mashina yamevunjika, majani yamekuwa matambara. Upande wetu yalikuwa yameangukia pembeni tu. Viazi vya Chelangat vilisimama, vya kijani, vinadondosha maji.

Na mimi, Rachel, niliyelishwa na kazi hii maisha yangu yote, nilijikuta nimesema moyoni: ya nne.

Kogo alichukua fimbo yake, akashuka shambani na kandambili zake, akaanza kupiga viazi vya binti yake. Alipiga kama anayepura maharagwe, bila hasira, mstari baada ya mstari. Chelangat alishika mdomo. Hivyo viazi vilikuwa chakula chao na kodi yao. Kisha akaangalia ng'ambo ya ua, akaona mlango wa jirani bado umefungwa, akavunja kijiti kwenye ua na kumfuata mama yake.

Nilisimama pale nikitafuta sababu ya kuwakataza. Zilikuwepo nyingi, na zote zilikuwa sahihi. Nikavua viatu.

Niliwaambia wasipige kwa kufuata mistari, mtu atajua ni fimbo. Niliwaambia waanze upande wa ziwa, kwa sababu mawe hutokea huko na mashina lazima yalale upande huu. Wapige majani ya juu, ya chini wayaache. Nilichukua mawe yaliyokusanyika chini ya paa, nikayatawanya katikati ya mitaro kwa mikono yangu, yaliniunguza vidole. Tulifanya kazi safi. Mkaguzi yeyote angefika pale angeandika ni mvua ya mawe.

Jirani alitoka, akaja hadi kwenye ua. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa koti la mvua, macho mekundu. Aliangalia shamba lake, akaangalia letu, akatuona tumesimama watatu katikati ya uharibifu, tope hadi magotini.

"Pole," akasema. "Hata nyinyi."

"Hata sisi," Kogo akamjibu, na sauti yake ilikuwa na furaha tupu.